Viluwiluwi wa Kisima cha Ukweni

Mwanamume aliyehamia ukweni hujifunza kukohoa kabla ya kukata kona. Mimi nilijifunza hilo Ihembe, nyumbani kwa mama wa mke wangu, baada ya nesi wa zahanati kumwambia mke wangu alale kitandani mpaka ajifungue. Alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu, nesi alisema, haitaki masihara: asinyanyue ndoo, asiiname shambani, hata ufagio auone kwa macho tu. Wakati huo mimi nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu pale Omurushaka. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshakikosa. Mwenye nyumba alikifunga kwa kufuli lake, na chumba tulichopanga kilikuwa kinafuata foleni.

Mama mkwe alituma ujumbe mfupi: mlete nyumbani. Hakusema mje. Lakini yeye ni mjane, mgongo unamsumbua, na watoto wake wengine wako mbali na maisha yao. Nani angemchotea maji mgonjwa? Nikamfuata mke wangu na mfuko mmoja wa nguo, nikijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka apatikane kijana wa kazi. Kijana wa kazi hakupatikana, kwa sababu kijana wa kazi nilikuwa mimi.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Si ugomvi, ni heshima, na kwa mtu anayekuja kusalimia mara moja moja akaondoka ni heshima nyepesi kabisa. Jaribu kuishi nayo kwenye kibanja kimoja cha migomba chenye choo kimoja na njia moja ya kwenda kisimani. Nililala kwenye ghala la kahawa, katikati ya magunia. Mke wangu alilala nyumba kubwa na mama yake, nami niliingia kumwona pale tu nilipomsikia mama akielekea migombani. Chakula nilikikuta kwenye kigoda mlangoni mwa ghala, ndizi na maharage, kimefunikwa kwa jani la mgomba, na pembeni kisahani cha kahawa ya kutafuna. Kahawa ile ndiyo iliyonimaliza. Kahawa ya kutafuna hupewa mgeni, na mgeni ni mtu atakayeaga. Niliitafuna punje moja moja huku uso ukiniwaka, ingawa hakuna aliyekuwa ananitazama.

Alipokuwa na neno kwangu, aliwaambia kuku. "Nyie kuku," angesema uani kwa sauti ya kusikika, "kuni zimekwisha." Nami kutoka ghalani ningejibu, "Kuku wamesikia, Mama. Shikamoo." Angeitikia marahaba huku akitazama paa. Kuku wa nyumba ile walijua mambo mengi sana.

Kisimani ilikuwa mbaya zaidi. Kule maji huchota wanawake na watoto, na mwanamume mwenye ndevu akija na madumu mawili, kila mtu anapata kazi ya mdomo. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema mama mmoja, akijifanya anaongea na ndoo yake. "Huyu kapewa jembe na dumu juu," akadakia mwenzake. Nikacheka nao, maana ukinuna ndiyo umekwisha. Kesho yake nikaanza kwenda alfajiri, kabla hawajaamka.

Maji ya kisima kile yanatoka chini ya jiwe, yanatengeneza dimbwi pana, halafu yanapotelea kwenye matete na magimbi. Mbele kidogo mama mkwe ana matuta ya kabichi, na yeye naye ni mtu wa alfajiri. Basi karibu kila siku tulikutana kwenye kinjia kilekile chembamba. Angekohoa. Ningeweka madumu chini, nikaingia kwenye matete, nikampa mgongo mpaka apite, na kwa ule mgongo wake kupita kulichukua muda. Nilisimama pale maji yakinifika kwenye vifundo, mtu mzima, namkimbia mama wa watu, na nilijidharau kweli kweli. Kwa kukosa pa kuweka macho, ndipo nikaanza kuona.

Kwanza niliona utelezi juu ya jani la gimbi lililoinamia maji. Nilidhani ni kazi ya konokono. Nilipoinama nikakuta kifurushi cha ute unaong'aa, na ndani yake mayai ya rangi ya maziwa mabichi, madogo kuliko punje za mtama. Vyura wenyewe nilikuwa nawajua tangu utoto, wale wadogo wa kijani wenye mstari wa kahawia ubavuni na vidole vyenye ncha za duara zinazonata hata kwenye kioo. Mvua ikinyesha hupiga kelele bonde zima, mtu halali. Nilichokuwa sijui ni kwamba hawa hawatagi majini. Wanataga juu ya jani, mahali samaki na wadudu wa majini hawafiki, kisha baba na mama wote wanaondoka na mayai yanabaki na bahati yake. Siku zilizofuata nikaona vile vidoa vimepata mikia, vinajikunja na kujikunjua ndani ya ute. Iliponyesha mvua kubwa ute ukalegea, na viluwiluwi wakadondoka majini mmoja mmoja, chubwi, chubwi, mbele ya magoti yangu. Mayai ya jani la jirani hayakufika huko, sisimizi waliyamaliza.

Mmoja wao akaingia kwenye dumu langu. Mke wangu alimkuta kwenye maji ya kunawa uso, akapiga ukelele uliomfikia mama yake migombani. Nikasikia kandambili zinakuja mbio, nami nimo chumbani. Mlango ulikuwa mmoja. Nikatoka kwa dirishani, mguu wa suruali ukanasa kwenye komeo, nikaangukia jiwe la kunolea panga. Nikiwa bado chini nilimsikia akiwaambia kuku kwamba mtu akichota maji huchuja kwa kitambaa.

Mke wangu alikataa kiluwiluwi amwagwe. Aliomba chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaiweka kwenye stuli kando ya kitanda, kwenye mwanga wa dirisha. "Mnanichunga hapa kama mbuzi wa Krismasi," aliniambia. "Acha na mimi nichunge kitu." Kisha akasema, bila kunitazama, "Huyu akitoka salama, na wangu atatoka salama." Nilimwambia mambo hayo si ya Kilutheri. Akasema hajamwomba kitu chochote, anamtazama tu.

Nami nilimtazama. Nilikuwa na bando la kuungaunga kwenye simu, nikawa nasoma huku nimeinamia chupa. Alikuwa wa kahawia kama majani ya chai yaliyochacha, kichwa na tumbo kitu kimoja, mkia mrefu mara mbili ya mwili, una pezi juu na chini na madoa meusi. Macho yalikaa pembeni kabisa, kila moja na upande wake. Mdomo ulikuwa chini, na alipojibandika kwenye kioo ungeuona vizuri: kijidomo kigumu cheusi, na vijino vidogo mno vimepangwa kwa mistari juu na chini yake. Havitafuni, vinakwangua. Alikwangua ule utelezi wa kijani unaoota kwenye kioo, akaacha vijinjia safi nyuma yake. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyembamba kiasi kwamba utumbo ulionekana, umejizungusha kama kamba ya kuvutia ndoo kisimani, maana anayekula majani matupu anahitaji utumbo mrefu. Na kushoto, kushoto tu, alikuwa na kitundu kimoja cha kutolea maji aliyoyapitisha mdomoni ili apumue. Mke wangu ndiye aliyekigundua. Alikuwa na muda.

Miguu ya nyuma ilianza kama vipele viwili chini ya mkia. Ikawa vijiti, vijiti vikapata magoti. Mke wangu aliniambia habari zake kila nilipoingia kwa kunyatia, na mimi nilimletea kiluwiluwi mchicha uliochemshwa na maji mapya ya kisima. Tumbo la mke wangu nalo lilikua. Yale mambo mawili hatukuyasema kwa pamoja, lakini yalikuwa pamoja.

Asubuhi moja aliniita akiwa na hofu. "Hebu mwangalie. Kapungua. Na miguu siioni." Nikamwangalia. Ni kweli alikuwa mdogo kuliko jana, na pale penye miguu palikuwa na vipele tu. Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba kiluwiluwi akikaribia kugeuka husinyaa, basi nikavuta stuli, nikatoa hotuba. Nikamweleza kwamba mwili unarudi ndani kujikusanya, miguu inajificha kabla ya kutoka kwa nguvu mpya. Nilijisikia daktari. Mke wangu alitulia akashukuru, nami nikatoka na kifua mbele.

Huku nikitoa hotuba hizo nilikuwa nimeshafungasha. Rafiki yangu mmoja alikuwa Kyerwa kwenye machimbo ya bati, akaniambia nafasi ipo, nipande gari pale Omurushaka niende. Sikumwambia mke wangu. Nilijua angelia, na nikimwona analia nisingeondoka, na nisipoondoka ningeendelea kula ile kahawa ya mgeni mpaka mtoto azaliwe na kumkuta baba yake amelala kati ya magunia. Hilo sikuliweza. Nilitaka nipotee, halafu nirudi siku moja nikiwa mtu. Nikaweka nguo mfukoni, mfuko nikausukuma nyuma ya magunia ya mwisho. Rafiki yangu alikuwa amenipigia siku chache kabla ya ile hotuba, nikamjibu kwa sauti ya chini ghalani, "Kuna chura namsubiri atoke kwenye chupa. Akitoka tu, nakuja." Alidhani nimelewa. Nje ya ukuta nilisikia punje za kahawa zikisukwasukwa kwenye ungo. Mama mkwe alikuwa anachambua, kama kawaida yake. Wakaguzi wa chama cha ushirika walimsifu kwa macho yale. Punje moja mbovu kwenye debe zima, anaiona.

Chura akachelewa. Vipele vikawa vijiti upya, vijiti vikapata magoti upya. Kisha, siku moja, mkono wa kushoto ukatokea kwenye kile kitundu, kiwiko kwanza, kama mtu anayetoa mkono kwenye shati. Wa kulia ukafuata. Mdomo ukaanza kupanuka, akaacha kula kabisa. Sasa alikuwa anaishi kwa mkia wake mwenyewe, unaliwa na mwili kutoka ndani. Mke wangu alifurahi kama ameambiwa jinsia ya mtoto. Alfajiri ya siku ya pili, mama mkwe akiwa ameshatoka kwenda matutani, niliingia kuchukua madumu, nikamkuta kiluwiluwi chini ya chupa, tumbo juu, mweupe.

Mke wangu alikuwa bado amelala, mkono juu ya tumbo. Sikufikiri. Nilichukua chupa, nikashuka bondeni karibu kwa kukimbia. Nilihitaji mwingine wa saizi ileile, mwenye miguu minne na mkia ulioanza kufupika, kabla jua halijaingia dirishani. Suruali nzuri nilikuwa nayo moja, nikaivua nikaitundika kwenye tete. Nikaingia kwenye dimbwi na bukta, nikapita pale ninapojificha siku zote, nikaenda mbele zaidi, na tope likanipokea. Mguu wa kwanza ulizama hadi gotini. Nikautafutia mwenzake pa kuegemea, yote miwili ikazama hadi mapajani. Kila nilipovuta, nilishuka.

Sikupiga kelele. Nani aje? Wale mama wa ndoo? Nilisimama pale na kidevu karibu kugusa maji, chupa juu ya kichwa changu, nikatamani tope limalize kazi. Na kwa kuwa macho yalikuwa karibu na usawa wa maji, nikawaona. Viluwiluwi wenye mikono hawakuwa ndani ya maji hata mmoja. Wote walikuwa wamekumbatia mabua ya matete, nusu nje, mikia bado inaning'inia majini, wanapumua hewa. Wetu hakuugua. Nilimjazia chupa maji mpaka juu, kioo kitupu pande zote, naye alishaacha kuwa mnyama wa majini. Alizama kwa sababu hakuwa na pa kushika. Nililia kidogo pale matopeni, sitaficha.

Kikohozi kikasikika kwenye kinjia.

Sikuweza kupisha. Sikuweza hata kugeuka. Hatua zilisimama, lazima aliiona suruali. Kisha sauti yake, tena ya upole kuliko yote niliyowahi kuisikia kwake: "Nyie ebikere, huyo mtu wenu amevaa?"

"Vyura wanasema amevaa bukta, Mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Akanipa mgongo, akafungua kitenge chake cha juu, akakirusha nyuma bila kuangalia. Kilitua kwenye matete, nikakifikia, nikajifunga. Nikamsikia akihema anaburuta kitu. Ulikuwa mgomba mkavu ulioanguka kando ya matuta, akausukuma kwa mguu, kinyumenyume, mpaka ukanifikia. Nikaulalia. Kisha akanyoosha mti mrefu wa kuegemeza migomba, yeye kaushika upande wake kwa mikono miwili huku anatazama Ihembe yote isipokuwa mimi, nami nikaushika upande wangu. Mgongo ule mbovu ulinivuta. Tope liliniachia kwa mlio ambao sitausimulia. Nililala kwenye majani kama kambale, nikatamani kufa, na chupa ilikuwa bado mkononi.

Nilijua ameiona na anajua kilichomo. "Vyura," alisema akiwa bado amenipa mgongo, "mwambieni huyo si wa kwanza. Yule wa mwanzo nilimkuta amekufa zamani, kabla binti yangu hajaamka. Nikaja kutafuta mwingine. Macho yangu haya, nikapata mdogo."

Hotuba yangu yote ilinirudia, neno kwa neno, mwili unarudi ndani kujikusanya. Kumbe alikuwa chumba cha pili, anaisikiliza. Masikio yaliniwaka. Yeye alishaondoka kwenda kwenye kabichi zake.

Nilimchukua mmoja kutoka kwenye bua, pamoja na bua lake. Nikapunguza maji kwenye chupa, nikalisimamisha bua ndani, nikaifunga chupa kitambaa juu. Mke wangu alipoamka alinikuta nimesimama pale na tope hadi nyusi na kitenge cha mama yake kiunoni. Alitazama chupa, akatazama kitenge, akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya mtoto. "Nimeteleza," nilisema. "Mficha uchi hazai," alinijibu, na hakuuliza zaidi.

Mkia ukaliwa ukabaki kishina. Ngozi ikaanza kuwa ya kijani, mstari ukajichora ubavuni. Siku moja tulikuta kitambaa kimelegea, chupa tupu, na alama ndogo za maji zinapanda kwenye fremu ya dirisha. Rafiki yangu wa Kyerwa alipiga siku hiyohiyo. "Vipi, chura katoka?" Nilikuwa nimeshika dumu. Nikamwambia bado.

Mtoto alizaliwa kituo cha afya mchana wa mvua, wa kike, analia kwa hasira. Nilivyoiona ile midomo inatafuta ziwa nilishika ukuta. Tulirudi nyumbani, mke wangu akaingizwa ndani kupumzika, nami nikaenda ghalani kwangu kama kawaida, kwa sababu hata baba mpya ni mkwe.

Nikasikia kikohozi mlangoni. Mama mkwe alikuja kinyumenyume, akatandika mkeka wa kahawa kizingitini, akamlaza mtoto juu yake, akasogea hatua chache, akasimama na mgongo wake kwangu. Kuku walikuwa wengi uani, lakini hakuwasemesha.

"Mwambie baba yako," alimwambia mtoto, "autoe ule mfuko wake nyuma ya magunia. Panya wameanza kuutafuna."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mfuko. Nikaukumbuka ungo ukisukwasukwa nje ya ukuta wakati naongea na simu. Nikamkumbuka yule kiluwiluwi asiye na miguu, aliyenicheleweshea safari, na yale macho yasiyokosa punje mbovu kwenye debe zima. Niliona aibu kuliko nilivyoona matopeni, na safari hii sikuwa na kitenge cha kujifunika.

Nikapiga magoti, nikamchukua binti yangu kwenye mkeka.

"Mwambie bibi yako shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba," alisema mama mkwe, akaenda zake migombani. Jioni kigoda kilikuwa na ndizi na maharage, na hapakuwa na kisahani cha kahawa.